Seremala na mchoro wa kompyuta

Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa mbele ya mafundi seremala na vijana wanaojifunza kazi hiyo, katika mkutano wao uliofanyika mjini Morogoro.



Niliombwa niseme machache juu ya matumizi ya kompyuta katika kuchora ramani za kazi ya useremala, na hasa namna ya kuzichora upesi bila kupoteza mbao. Ombi hilo nililikubali kwa sababu moja tu. Mimi mwenyewe nimepata kuharibu mbao kwa kompyuta, tena mbao za mninga, na nadhani mtu aliyekwisha kuharibu ana jambo la kuwaambia wenzake kuliko yule ambaye hajaharibu kitu.

Nianze na kisa hicho. Karakana niliyokuwa nikifanya kazi ilipata oda ya milango 24 ya paneli. Kila mlango ulikuwa na upana wa milimita 815. Mbao zake mbili za kusimama zilikuwa na upana wa milimita 115 kila moja, kwa hiyo nafasi iliyobaki katikati ilikuwa milimita 585. Mbao za kulala zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa na ulimi wa milimita 60 kila upande, wa kuingia katika tundu la ubao wa kusimama. Ukijumlisha utaona kwamba ubao wa kulala ulitakiwa uwe na urefu wa milimita 705. Mchoro ulikuwa safi, na mteja aliupenda.

Siku ya pili mwenye jengo akabadili fremu, na milango ikapaswa kuwa na upana wa 855. Ilikuwa jioni, umeme ulikuwa umekatika mara mbili, na mtu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akitazama saa. Badala ya kuuvuta mchoro ili uongezeke kwa milimita 40, niliibofya ile namba 815 nikaandika 855 kwa mkono. Programu haikukataa. Karatasi ikatoka, na juu yake iliandikwa 855. Lakini chini, penye orodha ya mbao za kukata, ubao wa kulala ulikuwa bado 705, maana orodha ile ilitoka katika mistari, na mistari sikuigusa.

Mbao 72 zikakatwa kwa 705, ilhali zilitakiwa 745. Hakuna aliyegundua mpaka mlango wa kwanza ulipounganishwa. Fundi mzee wa karakana aliweka futi yake juu ya mlango, akaiweka tena, kisha akaniita. Akaniuliza nani alipima. Nikamjibu kwamba ni kompyuta. Akauliza, "Kompyuta ina futi?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na ubao uliokatwa mfupi hauna dawa. Mbao zile tulizimalizia katika vigoda na vidirisha vya jikoni. Hasara ililipwa na karakana, nami nikakatwa sehemu yangu katika mshahara. Lakini mninga hukua polepole mno, na miti iliyotoa mbao zile ilikuwa imesimama porini kabla wengi wetu tuliomo humu ukumbini hatujazaliwa. Hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna mshahara unaoweza kuilipa.

Ndugu Mwenyekiti, watu wengi hudhani kwamba faida ya kompyuta ni kuchora upesi. Mimi nasema sivyo. Mkalishe mchoraji hodari wa penseli hapa, na hapa umkalishe kijana mwenye kompyuta, uwape kila mmoja mlango mmoja mwepesi, huenda mtu wa penseli akamaliza kwanza. Faida ya kompyuta huanza katika mchoro wa pili, na wa kumi, na hasa siku ile mteja anapobadili mawazo. Kama kila mchoro unaanza upya kutoka katika ukurasa mtupu, na kila badiliko unalifuata kwa mkono mahali pamoja pamoja, basi umenunua penseli ya bei kubwa inayotumia umeme.

Jambo hili halikuanza juzi. Mwaka 1963 kijana mmoja wa Marekani, Ivan Sutherland, alionyesha katika chuo cha MIT programu aliyoiita Sketchpad, ambayo ilimwezesha mtu kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Kilichokuwa kikubwa katika kazi ile ni kwamba mtu aliweza kuchora kitu kimoja kikawa cha asili, akakirudia mara nyingi, na alipokibadili kile cha asili, nakala zake zote zikabadilika pamoja nacho. Desemba 1982 ikatoka AutoCAD, iliyofanya kazi katika kompyuta ndogo za mezani. Mwaka 2000 ikatoka SketchUp, ambayo mafundi wengi wa samani huipenda kwa sababu unaona kitu chako pande zote. Ziko pia programu zisizouzwa, kama FreeCAD na LibreCAD, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzipata bila kulipa senti. Kwa hiyo, vijana, msiniambie kwamba kinachowazuia ni bei ya programu. Kinachowazuia ni mazoea.

Sasa niseme juu ya mazoea yenyewe, na nitaanza na lile ambalo wazee waliomo humu watalitambua mara moja.

Nilipoanza kazi, yule fundi mzee niliyemtaja hakuwa akifanya hesabu za skeli. Alichukua ubao mwembamba mweupe, akaurandia vizuri, akachora juu yake mkato wa mlango kwa ukubwa wake halisi: hapa ubao wa kusimama, hapa mfereji wa paneli, hapa mwisho wa ulimi. Upande mmoja wa ubao ulikuwa na vipimo vya upana, na upande wa pili vipimo vya urefu. Kisha aliuweka ubao huo juu ya kila kipande na kuhamisha alama kwa kisu. Hakusoma namba, kwa hiyo hakukosea kusoma namba. Milango 50 ingeweza kutoka katika ubao huo mmoja, na yote ikawa ndugu.

Ndugu zangu, kompyuta imeturudisha kwenye ubao ule. Katika programu hizi unachora kwa ukubwa halisi. Mlango wa milimita 855 unachorwa milimita 855, wala hugawanyi kwa kumi wala kwa ishirini. Skeli ni jambo la karatasi, nayo huja mwisho wakati wa kuchapa. Nimewaona vijana waliofundishwa kuchora juu ya meza wakija katika kompyuta na kuanza kugawanya kila kipimo kwa kumi kichwani, kwa sababu walizoea hivyo. Huko ni kubeba mzigo uliokwisha kuondolewa. Tena ni hatari, maana bawaba ikiletwa katika ukubwa wake na mlango ukiwa umegawanywa, mchoro wote umeharibika.

Hapo hapo kuna mtego wa nchi yetu. Mbao tunazinunua kwa inchi na futi. Tunasema mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa kumi. Lakini bawaba, kitasa na plaiwudi huja kwa milimita, na mchoraji wa jengo hutoa ramani yake kwa milimita. Kanuni yangu ni kwamba mchoro wote ni wa milimita, basi, na kila ubao unachorwa kwa unene wake baada ya kurandwa. Ile inayoitwa inchi mbili sokoni, hata kama ni inchi mbili za kweli, ambazo ni karibu milimita 51, ikipita kwenye randa pande zote mbili mara nyingi hubaki 45 au pungufu. Ukichora 50 kwa sababu muuzaji alisema mbili, mifereji yako na ndimi zako zote zitakuwa za uongo. Mimi sianzi mchoro wa kazi kabla mbao hazijafika. Nakwenda nje, naranda kipande kimoja, napima, kisha ndipo ninapokaa mbele ya kompyuta. Na plaiwudi nayo ipimeni. Ile inayoitwa ya milimita 18 si lazima iwe 18, na mfereji wa 18 ukipokea ubao wa 17, rafu itacheza kama jino bovu.

Jambo jingine ni kiolezo. Fundi anayechora kila siku hana sababu ya kila asubuhi kuiambia programu kwamba anatumia milimita, kwamba maandishi yawe makubwa kiasi gani, kwamba kisanduku cha maelezo pembeni ya karatasi kiwe na jina la kazi, aina ya mti, tarehe na namba ya toleo. Hayo yote huwekwa mara moja katika faili moja, likahifadhiwa, na kila kazi mpya ikaanza katika nakala yake. Katika faili hilo hilo unaweka matabaka. Tabaka ni kama karatasi ya kioo iliyolazwa juu ya nyingine: ukuta unakaa katika tabaka lake, mbao katika lake, bawaba na vitasa katika lao, vipimo katika lao. Ukitaka kumpa mwashi mchoro, unazima vyote isipokuwa ukuta na nafasi ya fremu. Ukimpa fundi wa benchi, unazima ukuta. Nimeona michoro iliyorundikwa vitu vyote pamoja, mistari juu ya mistari kama nyavu iliyoachwa ufukweni, na mwenyewe akitumia nusu saa kutafuta mstari mmoja wa kufuta.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mimi naliona kuwa ndiyo roho ya kazi yote, nalo ni lile la Sutherland la kitu cha asili na nakala zake.

Kila kipande cha mti katika mchoro wenu kifanyeni kitu chake chenye jina. Msichore kabati likiwa rundo la mistari. Choreni ubavu wa kushoto, uwe kitu kimoja. Choreni rafu moja, iwe kitu kimoja, kisha iitwe mara tano. Katika SketchUp herufi G hukusanya mistari uliyoichagua ikawa kijenzi kimoja, na nakala zake zote zina damu moja: ukichimba mfereji katika rafu moja, rafu zote tano zimechimbwa. Ukitaka moja itofautiane, kuna amri ya kuitenga na wenzake. AutoCAD nayo ina njia yake ya kukusanya mistari ikawa kitu kimoja kinachoitwa kwa jina. Bawaba, kitasa, mguu wa meza, reli ya droo, vyote hivyo vichoreni mara moja katika maisha yenu, mvipime kwa kifaa halisi kilichonunuliwa dukani, mviweke katika kabati la mafaili. Baada ya mwaka mmoja mtakuta kwamba nusu ya mchoro wa kabati jipya imekwisha chorwa.

Na vipande vikiwa na majina, orodha ya mbao hutoka yenyewe, au ikiwa programu yako haitoi orodha, unahesabu vitu badala ya kuhesabu mistari. Laiti mbao zangu za kulala zingekuwa kijenzi kimoja kilichorudiwa, na laiti ningeuvuta mlango badala ya kuidanganya namba, leo ningekuwa nimeketi huko chini nikimsikiliza mtu mwingine.

Kwa hiyo nasema kwa mkazo: kipimo kisiandikwe kwa mkono. Kipimo kitoke katika mstari. Kama namba iliyotokea si ile uliyoitarajia, basi mstari ndio wenye kosa, na mstari ndio wa kurekebishwa. Katika karakana yetu tulifikia kuweka sheria kwamba yeyote atakayeandika namba juu ya kipimo atanunua chai ya watu wote kwa wiki nzima. Sheria hiyo imetunywesha chai mara mbili tu, na mara moja mnunuzi alikuwa mimi.

Juu ya mikono sitasema mengi, maana ni mazoezi. Mkono wa kulia ukae kwenye kipanya, wa kushoto ukae juu ya herufi. Mtu anayesafiri kwa kipanya mpaka juu ya kioo kila anapotaka mstari, akarudi, akasafiri tena, ni kama seremala aliyetundika nyundo yake nyumba ya pili. Katika AutoCAD, L ni mstari, M ni kusogeza, O ni kuchora mstari sambamba kwa umbali utakaoutaja, TR ni kukata kilichozidi, MI ni kugeuza kama sura katika kioo, na S ni ile ya kuvuta, ambayo laiti ningeitumia jioni ile. Herufi kumi zinatosha kwa nusu ya kazi zetu. Aidha, iacheni programu inase ncha za mistari yenyewe. Msiweke ncha kwa kukadiria kwa jicho, kwa sababu jicho likiona kwamba mistari miwili imegusana, huenda kati yake kuna nusu milimita, na nusu milimita hiyo itajitokeza katika orodha ya mbao bila aibu.

Pia jifunzeni kutochora. Kabati lenye milango miwili inayolingana huchorwa nusu, nusu ya pili ikageuzwa. Viungo vinavyofanana huonyeshwa kimoja, kikubwa, kwa mkato unaoonekana ndani, na vingine vikaandikwa kwamba ni kama hicho. Kuna kijana mmoja aliyenionyesha kwa fahari mchoro wa meza wenye parafujo zote, na kila parafujo ina uzi wake wa kuzunguka. Kompyuta yake ilikuwa ikiugua kwa uzito wa parafujo hizo, na mchoro mzima haukuonyesha mahali pamoja ambapo mguu unaungana na fremu. Kuna na wale wanaompelekea mteja picha yenye mng'ao, zulia na ua juu ya meza. Picha hiyo ina kazi yake, kwani huuza. Lakini usiipeleke benchi. Benchi halihitaji ua.

Ndugu Mwenyekiti, sasa niombe subira kidogo kwa hesabu, maana hapa ndipo fedha ilipo. Ubao wa plaiwudi wa kawaida una upana wa milimita 1220 na urefu wa milimita 2440. Tuseme mteja anataka rafu 36 za vitabu zenye urefu wa milimita 800, na kijana amechora kina cha rafu kuwa 305, kwa sababu 1220 ukigawanya kwa nne ni 305 kamili. Hesabu nzuri darasani! Lakini msumeno hula. Msumeno wa mviringo hula kiasi cha milimita 3 kila unapopita, na ili upate vipande vinne lazima upite mara tatu, kwa hiyo milimita 9 zinageuka unga. Kipande cha nne kitatoka 296 badala ya 305, nacho hakifai. Utapata safu tatu tu. Kwa urefu unapata rafu tatu, kwani 800 mara tatu ni 2400, na njia mbili za msumeno ni milimita 6, jumla 2406. Kwa hiyo ubao mmoja utatoa rafu 9, na rafu 36 zitataka mbao nne.

Mchoreni sasa huyo huyo kina cha 300. Nne mara 300 ni 1200, ongeza 9, jumla ni 1209, na milimita 11 zimebaki za kusafisha kingo. Ubao mmoja unatoa rafu 12, na rafu 36 zinatoka katika mbao tatu. Kitabu hakitajua tofauti ya milimita 5. Mfuko wenu utaijua, kwani ni ubao mzima. Na jambo hilo linaamuliwa wapi? Linaamuliwa kwenye kompyuta, kabla hata ya kwenda dukani, kwa mtu aliyechora mstatili wa 1220 kwa 2440 katika kiolezo chake na kuvipanga vipande vyake juu yake huku akiacha njia ya msumeno. Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Mimi sijui kazi nyingine ya dakika kumi katika useremala inayolipa kiasi hicho.

Lakini kuna mambo ambayo kompyuta haiyajui kabisa, na hapa nawageukia hasa ninyi vijana. Kompyuta haijui kwamba mti ni kitu kilichokuwa hai. Mbele yake ubao wa mninga, ubao wa msaji kutoka Longuza au Mtibwa, na ubao wa msindano kutoka Sao Hill ni mistatili mitatu. Wala haijui kwamba ubao huvimba na kupungua kwa upana wake, ingawa kwa urefu badiliko ni dogo mno. Ukiichorea paneli ya mti yenye upana wa milimita 400 ikiwa imebanwa barabara ndani ya mifereji pande zote, itaichora, tena itaipendeza.

Tulipata kupeleka kabati Dodoma, zilizotengenezwa Dar es Salaam katika unyevu wa pwani. Kule hewa ni kavu. Baada ya miezi michache paneli za kabati mbili zilikuwa zimepasuka katikati, kwa sababu zilibanwa na gundi, zikapungua, na hazikuwa na mahali pa kwenda. Katika mchoro kila kitu kilikuwa sahihi hadi milimita ya mwisho. Tangu siku hiyo, katika kiolezo changu paneli huchorwa hivi: mfereji una kina cha milimita 12, paneli inaingia milimita 9, na milimita 3 zinaachwa wazi kila upande, bila gundi. Ikivimba ina pa kuvimbia. Ikipungua hata milimita 5, bado imeshikwa kwa milimita sita na nusu kila upande. Ujuzi huo haukutoka katika programu. Ulitoka kwa yule mzee wa ubao mweupe, ambaye hajapata kushika kipanya, na ambaye nilikwenda kumwuliza baada ya kupasuka, ilhali ilinipasa nimwulize kabla.

Ndiyo maana mimi siafikiani na wale wanaosema kwamba mchoro wa kompyuta ni kazi ya wasomi, na benchi ni kazi ya wengine. Mchoraji asiyejua patasi atachora tundu ambalo patasi haliwezi kulifikia. Na fundi asiyeweza kuusoma mchoro hana namna ya kuukataa unapokosea. Katika karakana yetu siku hizi mchoro hauendi kukatwa kabla fundi wa benchi hajaketi na mchoraji na kuupitia kiungo kwa kiungo. Mwanzoni wachoraji walinung'unika kwamba wanapotezewa muda. Nawaomba wakumbuke mbao 72.

Nimalizie na mambo madogo ya karatasi na umeme, ambayo huangusha watu wakubwa.

Unapochapa, mashine mara nyingi itataka kuupunguza mchoro ili ukae vizuri katika karatasi. Ikifanya hivyo skeli imekufa, na hakuna atakayejua kwa kutazama. Kwa hiyo katika kila karatasi wekeni mstari wa milimita 100 pembeni. Kwa mchoro wa kiungo unaochapwa kwa ukubwa halisi, pimeni mstari huo kwa rula kabla karatasi haijatoka ofisini. Ukiwa 97, karatasi ichanwe. Na fundi afundishwe kwamba hapimi karatasi kwa futi ili kupata urefu. Anasoma namba, na kama namba haipo, anauliza.

Mchoro ukibadilika, toleo lipewe namba mpya, na karatasi za zamani zikusanywe kutoka benchi zote. Zikusanywe kwa mkono, na mchoraji mwenyewe azunguke. Matoleo mawili ya mchoro mmoja katika karakana moja ni sawa na kuwa na wasimamizi wawili wasiosemezana. Nimewahi kuikuta karatasi ya toleo la kwanza imefungiwa vitumbua, na nikashukuru kwamba angalau ilikuwa imeondoka benchi.

Umeme nao mnaujua. Iambieni programu ihifadhi kazi kila baada ya dakika tano, na jioni faili zinakiliwe katika kifaa kingine kinacholala nyumba nyingine. Kuhifadhi nakala ndani ya kompyuta ile ile ni kuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba iliyofungwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta kompyuta, nayo imekwisha kuwashwa pale mezani. Ndani yake kuna ule mlango wenye upana wa milimita 815, mbao mbili za kusimama, tatu za kulala, kama ulivyokuwa asubuhi ya siku ile. Ningependa fundi mmoja wa benchi, tena mzee, aje aketi kwenye kiti, na kijana mmoja asimame kando yake, nao wauvute pamoja mpaka ufike 855, nasi sote tuitazame ile namba ya ubao wa kulala inavyogeuka.